Juu ya Hamu ya Nyuso za Kompyuta za Kale

Katika miaka ya karibuni imezuka hamu ambayo mhakiki wa lugha hana budi kuitazama, ingawa kwa mtazamo wa kwanza yaweza kuonekana kuwa haimhusu. Ni hamu ya nyuso za kompyuta za kale: herufi za kijani juu ya kioo cheusi, madirisha ya kijivu yenye kingo zilizoinuka, picha ndogo zilizochorwa kwa nukta chache nyeusi na nyeupe, na ile sauti fupi iliyolia mashine ilipoamka. Watu wazima waliozitumia wanazikumbuka, na hilo si ajabu. La ajabu ni kwamba vijana waliozaliwa baada ya mashine hizo kutupwa wanazitamani vilevile. Mwaka 2017 Internet Archive iliweka programu za Macintosh za miaka ya 1980 mahali ambapo mtu yeyote aweza kuzifungua na kuzitumia. Mwaka 2018 Felix Rieseberg aliitoa Windows 95 nzima ikiwa imegeuzwa programu moja ya kufunguliwa ndani ya kompyuta ya leo, na mwaka huohuo Andreas Kling, fundi wa programu wa Sweden, akaanza kuujenga upya tangu msingi mfumo endeshi uitwao SerenityOS, kwa nia iliyotangazwa waziwazi ya kuonyesha mapenzi kwa sura za miaka ya 1990. Kazi kama hizi si mchezo wa mtu mvivu. Mtu hajengi mfumo endeshi kwa miaka kadhaa ili kupoteza wakati.

Kabla ya kuendelea yafaa niseme neno juu ya istilahi. Kile ambacho mashine humwonyesha mtu, na ambacho kwa njia yake mtu huiamuru mashine, kimepewa jina kiolesura. Silipingi jina hilo. Ila katika makala haya nitasema uso, kwa sababu uso kwa Kiswahili si ngozi ya mbele tu. Uso huonyesha yaliyo moyoni au huyaficha, hukunjuka na hukunjamana, na mtu huulizwa kwa nini ameupoteza. Habari hiyo yote itahitajika hapa chini.

Neno la kigeni ambalo wenyeji wa Ulaya hulitumia kwa hamu ya namna hii lilianza kama jina la ugonjwa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu katika mji wa Basel, aliliunda kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kurudi nyumbani na la pili lenye maana ya uchungu, akieleza maradhi ya Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Ugonjwa huo, basi, ulikuwa wa mahali. Ulitibika kwa mgonjwa kurudishwa kijijini kwake. Baadaye neno liliacha mahali likashika wakati, na hapo dawa ikapotea, maana hakuna chombo kimrudishacho mtu jana. Svetlana Boym, katika kitabu chake juu ya jambo hili kilichotoka mwaka 2001, alitenga namna mbili: iko hamu itakayo kuijenga upya nyumba iliyobomoka, na iko hamu ikaayo juu ya magofu ikitafakari. Kiswahili hakina neno moja la kubeba yote hayo. Tuna hamu, tuna shauku, tuna jitimai, tuna ukiwa. Na tuna methali isemayo kuwa ya kale hayanuki. Methali hiyo watu huitumia kusameheana, lakini ina upande wa pili. Kama ya kale hayanuki, basi hata uvundo wake wa kweli umekwisha kutoka, na sisi tulionusa baadaye twadhani kuwa haukuwapo.

Ili hukumu yangu isiwe ya hewani, nitachukua uso mmoja na kuutazama kwa karibu, nao ni ule wa Macintosh ya kwanza, iliyotolewa tarehe 24 Januari 1984. Si uso wa kwanza wa aina yake. Douglas Engelbart alikwisha kuonyesha kipanya mbele ya hadhara katika mji wa San Francisco mwezi Desemba 1968. Watu wa Xerox, katika maabara yao ya California, walikuwa na mashine yao ya Alto mwaka 1973, na mwaka 1981 wakauza mashine iliyoitwa Star, yenye picha za karatasi, majalada na makabati zilizopangwa juu ya kioo kama juu ya meza ya mwandishi. Apple wenyewe walitoa Lisa mwaka 1983 kwa bei ya dola 9,995, bei ambayo iliwafukuza wanunuzi. Macintosh iliuzwa kwa dola 2,495. Haikuwa rahisi hata hivyo, lakini ilikuwa imeanza kukaribia mkono wa mtu wa kawaida wa nchi ile, na kwa sababu hiyo uso wake ndio uliokaa katika kumbukumbu.

Kioo chake kilikuwa na nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo, na kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Rangi ya kijivu haikuwapo ila kwa hila ya kuchanganya nukta. Aliyepewa kazi ya kuchora picha na herufi za uso huo ni Susan Kare, msanii aliyekuwa na elimu ya historia ya sanaa na si ya hesabu za mashine. Alichora kwa penseli katika daftari la karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa nukta moja. Picha moja ilipewa uwanja wa nukta 32 kwa 32, yaani nukta 1,024 na si moja zaidi. Kwa miraba ya namna hiyo alichora pipa la taka, ndoo ya kumwaga rangi, saa ya mkononi ya kumwambia mtu angoje, mashine ndogo yenye uso wa kutabasamu iliyotokea kompyuta ilipoamka salama, na bomu lenye utambi lililotokea mambo yalipoharibika. Mwaka 2015 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, liliichukua michoro yake ya daftari na kuihifadhi pamoja na kazi za wachoraji wengine wa karne ile.

Msomaji wa jarida hili hatahitaji kuelezwa sana uzuri wa kazi iliyofungwa hivyo. Mtunzi wa utenzi ana vipande vinne, kila kimoja mizani nane, na kina cha mwisho kimfungacho tangu ubeti wa kwanza hata wa elfu. Mizani nane hazitoshi kusema kila kitu. Ndiyo maana mtunzi hodari huacha maneno ya kujaza, huchagua jina moja litakalobeba matatu, na humwachia msikilizaji kazi ya kumalizia. Asiye hodari hujaza mizani kwa vijineno visivyo na kazi, na sikio humjua upesi. Nukta 1,024 ni mizani ya namna hiyo. Pipa la taka la Kare si picha ya pipa fulani. Halina chapa, halina kutu, halina mtaa lilikowekwa. Lina mistari michache ya wima, mfuniko na kishikio, basi. Kwa kuwa halifanani na pipa lolote kwa ukamilifu, lafanana na mapipa yote kwa kiasi cha kutosha, na mtu aliyeliona mara moja hakulisahau. Picha za leo zina nukta nyingi kupita hesabu, na ziko baadhi zilizo nzuri. Lakini wingi huo wa nukta haumlazimishi mchoraji kuamua lolote, na yule asiyelazimishwa kuamua mara nyingi haamui. Hapa nasema jambo ambalo wapenzi wa nyuso za kale hulihisi bila kulitaja: wanalotamani si nukta kubwa kubwa zionekanazo kama ngazi, bali ni alama za uamuzi.

Jambo hili liko hata katika maneno. Yasimuliwa katika kumbukumbu za watengenezaji wenyewe kwamba walipokuwa wakiijaribu Lisa, kitufe cha kukubali kiliandikwa Do It, yaani tenda. Watu walioitwa kuijaribu mashine walisita, na mmoja alikasirika. Ikagunduliwa kwamba nafasi kati ya maneno yale mawili ilikuwa finyu, na herufi kubwa I katika mwandiko ule haikuwa na tofauti na herufi ndogo l, hata watu wakasoma Dolt, maana yake mpumbavu. Mashine ilikuwa ikiwatukana kila ilipowataka idhini! Kitufe kikabadilishwa kikaandikwa OK. Kisa hiki huchekesha, nami sikileti kwa kuchekesha tu. Chaonyesha kwamba wakati ule neno moja juu ya kitufe kimoja lilikuwa jambo la kukalisha watu mezani, la kumtazama msomaji machoni akisoma, na la kurekebishwa kwa sababu ya upana wa nukta moja mbili. Hiyo ni kazi ya mhariri. Kila mwenye kufanya kamusi ataitambua.

Na mwandiko wenyewe? Herufi za menyu za Macintosh ziliitwa Chicago, kwa desturi ya Apple ya kuzipa herufi zao majina ya miji mikubwa ya dunia. Nazo Kare alizichora: nene, wima, zenye nafasi ya kutosha kusomeka hata zinapofifishwa kwa nukta moja kuachwa na moja kuwekwa, ili kuonyesha kuwa amri fulani kwa sasa haifai. Herufi hizo zilidumu kuliko mashine zilizozizaa. Mwaka 2001 zilirudi juu ya kioo kidogo cha iPod, kwa sababu kioo hicho nacho kilikuwa na nukta chache na kilihitaji herufi zilizokwisha kuzoea umaskini.

Juu ya Windows sitakaa sana. Toleo la kwanza, la Novemba 1985, halikuwa na sura ya kupendeza. Madirisha yake hayakuweza kulaliana. Lakini Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, ina jambo moja ambalo mhakiki hana haki ya kulipita. Kila kitufe chake kilikuwa kipande cha kijivu chenye mstari mweupe juu na kushoto, na mstari mweusi chini na kulia, kama kwamba taa ya chumba iko pembeni juu upande wa kushoto. Mtu alipokibonyeza, mistari ilibadilishana mahali, na kitufe kikaonekana kimezama. Mistari minne tu, na mkono ukaamini. Mtu hakuwa na haja ya kuuliza ni kipi kibonyezwacho na ni kipi kisomwacho. Sauti yake ya kuamka ilitungwa na Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, nayo haizidi sekunde chache, mizani tena.

Sasa yafaa nimsikilize mpinzani, maana anayo hoja. Atasema: nyuso hizo mnazozilia zilikuwa za taabu. Macintosh ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 na mlango mmoja wa diski, hata mtu aliyetaka kunakili kazi yake alilazimika kutoa diski na kuingiza nyingine, kisha kuitoa hiyo na kurudisha ya kwanza, mara nyingi mno. Bomu la Kare lilichorwa kwa kudhaniwa kuwa halitaonekana sana, likaonekana. Windows ilikwama, na kazi ya mchana kutwa ikapotea. Herufi za kijani ziliumiza macho. Hayo yote ni kweli, na mpenzi wa kale ayafichaye ni mwongo. Hamu ya namna ya kwanza aliyoieleza Boym, ile itakayo kuijenga nyumba upya, hapa haina hoja: anayeiendesha Windows 95 ndani ya kompyuta ya leo haipati Windows 95, kwa kuwa mashine iliyo chini yake yaifanya ifunguke kwa kufumba na kufumbua, nayo ikikwama hufungwa bila hasara. Amepata uso bila mwili. Kungoja, ambako kulikuwa nusu ya maisha ya mashine ile, kumetolewa.

Lakini mpinzani huyo akiendelea na kusema kwamba hamu hii si kitu ila wazee kuulilia ujana wao, hapo hatuendi pamoja. Kijana wa miaka ishirini hana ujana wa mwaka 1995 wa kuulilia. Kwake uso ule ni jambo jipya, naye aulinganisha na ule alionao. Na ule alionao ulibadilika sana karibu na mwaka 2012 na 2013, Windows 8 ilipotoka na baada yake iOS 7. Kingo ziliondolewa, vivuli vikafutwa, kitufe kikawa neno lenye rangi tu lililokaa katikati ya weupe. Walioyafanya hayo walidai kwamba watu wamekwisha kujifunza, hawahitaji tena kudanganywa kwa taa ya upande wa kushoto. Kwa wengi ilikuwa hivyo. Kwa mama mtu mzima aliyepewa simu na mwanawe haikuwa hivyo, naye hakuulizwa. Tena uso wa kale, kwa ubaya wake wote, ulikuwa ukingoja. Mtu akiondoka kwenda kunywa chai, alirudi akaukuta kama alivyouacha. Uso wa leo hutangaza, huita, hukumbusha, hujipendekeza, na hubadilika usiku mwenyewe akiwa amelala. Kijana atamaniye madirisha ya kijivu atamani kwa sehemu kubwa kifaa kisichomwita. Hiyo si hamu ya wakati uliopita. Ni lawama juu ya wakati uliopo, iliyovaa nguo za kuazima.

Nimesema habari za Marekani kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe ni la huko. Lakini sisi tusomao na kuandika Kiswahili tuna sehemu gani katika hamu hii? Wako wenzetu wanaoandika juu ya nyuso hizo kama kwamba dunia nzima ilikaa mbele ya Macintosh mwaka 1984. Tanganyika na Zanzibar hazikukaa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, na marufuku hiyo, ingawa ililegezwa kidogo kidogo, haikuondolewa kabisa mpaka miaka ya 1990. Kenya haikuwa na katazo kama hilo, lakini huko nako mashine ilikuwa kitu cha benki, cha mashirika na cha ofisi kubwa. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki walikutana na uso wa kompyuta kwa mara ya kwanza katika Windows, tena aghalabu juu ya mashine za mitumba, katika vyuo vidogo vya kufundisha kupiga chapa au katika vibanda vya intaneti ambako muda ulilipiwa kwa dakika. Uso walioukuta ulikuwa umekwisha kuzeeka huko utokako. Basi hamu yetu, tukiwa nayo, ni ya kitu ambacho kilitufikia kikiwa tayari cha kale. Na kungoja kwetu kulikuwa na bei, kwa kuwa saa ya kibanda ilikuwa ikihesabu.

Kuna uzi mmoja, hata hivyo, uliotufikia moja kwa moja kutoka kwa daftari lile la miraba. Windows 3.0 ya mwaka 1990 ilikuja na mchezo wa karata uitwao Solitaire, na karata zake zilichorwa na Susan Kare yuleyule. Wengi katika ofisi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi walijifunza kushika kipanya, kubonyeza, kuburura na kuachia, kwa kuzihamisha karata hizo wakati mkuu wa ofisi hayupo. Hawakumjua jina mchoraji. Mkono wake ndio uliowafundisha mkono.

Tena uso huo ulisema Kiingereza. Hili si dogo. Mtu asiyejua Kiingereza alijifunza maneno kumi au kumi na matano kama mtu ajifunzavyo alama za barabarani: aliijua sura ya neno na mahali pake, hakuijua maana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliufanya pamoja na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Na katika muongo huohuo Microsoft nao wakatoa sura za Kiswahili za Windows na Office. Hapo ndipo swali la lugha lilipoanza kwa kweli, na ndipo nionapo kuwa wapenzi wa nyuso za kale wana la kutufundisha, na sisi tuna la kuwajibu.

Uso wa Macintosh ulikuwa sitiari kubwa moja: ofisi ya Marekani ya miaka ya 1970. Meza, majalada, karatasi, mkasi, gundi, pipa la taka. Mtu wa huko hakuhitaji kufundishwa sitiari, alifundishwa mashine tu. Mtu wa huku alifundishwa vyote viwili. Wafasiri wetu walikuwa na njia mbili: kuifasiri sitiari, au kulifasiri tendo. Mahali walipofasiri sitiari, mara walifaulu na mara walichechemea. Dirisha limekaa vizuri, kwa sababu dirisha la kwetu nalo ni tundu la kuchungulia, hufunguliwa na kufungwa. Kipanya ni jina lenye ucheshi na limependwa. Eneo-kazi, kwa meza ya ofisi, ni neno la ramani. Mtu hawezi kuweka kikombe juu ya eneo. Sitiari imekufa njiani, imebaki istilahi.

Mahali walipofasiri tendo, Kiswahili kilionyesha nguvu ambayo Kiingereza hakina. Tazama amri ya kubatilisha tendo la mwisho. Kiingereza kinaiita kwa kiambishi cha mbele na kitenzi cha kawaida. Kiswahili kimesema tendua, kwa kanuni ileile iletayo fungua kutoka funga, na bandua kutoka bandika. Mtu ambaye hajapata kuona kompyuta akiambiwa tendua ataelewa nusu kabla ya kuelezwa, kwa sababu sarufi ya lugha yake imekwisha kumwambia kwamba kila kilichofungwa chaweza kufunguliwa. Na bandika yenyewe ni bora kuliko neno lililofasiriwa. Larry Tesler na wenzake walipoleta amri za kukata, kunakili na kubandika, walikuwa wakifikiri juu ya wahariri waliokata karatasi kwa mkasi na kuzigandisha kwa gundi. Kiingereza kimebaki na ile gundi. Bandika la kwetu halina gundi kwa lazima: tunabandika sufuria mekoni, tunabandika tangazo ukutani. Neno hilo latosha kwa kazi mpya bila ya kuvutwa.

Hapa wako wasemao kwamba sitiari zilizokufa zingefaa kuondolewa zote. Wanaitaja picha ya diski ambayo katika programu nyingi bado ni alama ya kuhifadhi, ingawa diski za aina ile zimetoweka na watoto hawazijui. Nawajibu kwa mfano ulio mdomoni mwa kila mmoja wetu. Neno simu lilitoka Uajemi, na huko maana yake ni waya. Leo simu haina waya, nasi hatusemi kwamba jina limekuwa la uongo. Twasema pia kukata simu, na hapana kisu. Picha ya diski imefanya safari iyo hiyo: ilianza kuwa picha, imekuwa neno. Mtoto asiyeijua diski huisoma kama asomavyo herufi, ambazo nazo zamani sana baadhi yake zilikuwa picha za vichwa vya ng'ombe na za nyumba. Kuiondoa kwa sababu kitu chake kimekufa ni kuikosea lugha adabu. Kuibadilisha kwa sababu haisomeki, hiyo ni sababu nyingine, na lazima ithibitishwe kwa kumtazama msomaji akisoma, kama walivyofanya wale wa Lisa kwa neno lao moja.

Na hapo ndipo mzani unapoelemea dhidi yetu. Nyuso za Kiswahili tulizonazo kwa sehemu kubwa zimefasiriwa kutoka orodha: neno moja moja, limetengwa na kitufe chake, limetengwa na mahali pake juu ya kioo. Mfasiri hupewa neno la Kiingereza ambalo laweza kuwa nomino na laweza kuwa kitenzi, naye hajui kama ataliona juu ya kitufe cha amri au juu ya kichwa cha orodha. Kwa Kiingereza kosa halionekani, kwa kuwa umbo ni moja. Kwa Kiswahili laonekana mara moja: fungua na ufunguzi, chapa na uchapishaji, si kitu kimoja, na kitufe kilichoandikwa nomino hakimwamuru mtu wala mashine. Maneno yetu ni marefu pia, kwa kuwa kitenzi hubeba nafsi, njeo na yambwa pamoja, na uwanja wa kitufe ulipimwa kwa neno la silabi moja au mbili. Matokeo yake neno hukatwa katikati likamalizwa kwa nukta tatu. Kare alilazimika kuingiza pipa katika nukta 32. Sisi tungelazimika kuingiza amri katika mizani tatu au nne, nayo ni kazi ambayo watunzi wetu wameijua tangu kale, ila hawakuitwa.

Jambo OpenOffice sasa ina zaidi ya miaka ishirini. Umri huo ndio uliokuwa nao uso wa Macintosh ya kwanza mwaka ule Jambo ilipotoka, na wakati huo wapenzi wake walikuwa wamekwisha kukusanya matoleo yake, daftari zake na visa vya watengenezaji wake. Menyu za mwaka 2004 ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiswahili ya aina yake, maandishi ambayo msomaji hakuyasoma tu bali aliyabonyeza. Yana makosa, yana maneno yaliyoshinda na maneno yaliyoshindwa, na toleo moja hutofautiana na lingine kama zitofautianavyo nakala za utenzi. Mwanafunzi wa shahada atakayeyapanga matoleo hayo kwa mfuatano, neno kwa neno, akionyesha lini istilahi fulani iliingia na lini ilitolewa, na juu ya kitufe kipi, atakuwa na kazi ya kutosha kwa miaka miwili, na kazi hiyo haiwezi kufanywa katika mji wa San Francisco.